Machozi ya Kazi

Wiki ile alikuwa ameshaugua mara thelathini na mbili, na ilikuwa Alhamisi tu. Jumatatu alikuwa na kijiwe kwenye figo. Jumanne alikuwa mjamzito aliyeteleza kwenye ngazi, na tumbo lenyewe la sponji walimfunga kwa mikanda mgongoni. Jumatano alipoteza kumbukumbu, kazi rahisi kuliko zote, kwa sababu ukiulizwa swali unakodolea macho ukuta mpaka muulizaji achoke. Akilala, magonjwa yale yalimfuata ndotoni yakiwa yamechanganyikana kama nguo za watu wengi kwenye beseni moja. Kuna siku aliamka akajishika ubavu, akakaa kitako kwanza akijiuliza huu ni ubavu wa nani.

Kwao alikuwa daktari. Tena si daktari wa kuandika dawa na kusema pole. Daktari wa kisu, aliyepasua matumbo ya watu kwa miaka tisa na kuyashona yakashoneka. Huku ugenini vyeti vyake vilikuwa vimelala ndani ya bahasha, vikingoja afaulu mtihani wa vitendo wa madaktari wageni. Na wakati vikingoja, jengo lilelile la mtihani lilimpa kazi ya kuwa mgonjwa wa kuigiza. Wenzake walimwita Mgonjwa, kwa upendo tu.

"Mgonjwa, umeamkaje?"

"Salama. Naumwa tu."

Basi wanacheka, kila mmoja anaenda chumbani kwake kuugua.

Lilikuwa jengo la ajabu kidogo. Vyumba kumi na viwili vilijipanga kwenye korido moja, zulia la buluu limetandikwa mwanzo hadi mwisho, nene kiasi cha kumeza nyayo zote, hata watu wakipita ungedhani wanaelea. Kila chumba kilikuwa na mgonjwa wa uongo na msahihishaji wa kweli. Daktari mtahiniwa alisimama nje ya mlango, akasoma karatasi iliyobandikwa pale, kengele ikalia, akaingia. Dakika kumi na mbili. Kengele tena, akatoka, akahamia mlango unaofuata. Kengele yenyewe ilikuwa laini, kama mtu anagonga glasi kwa kijiko. Watahiniwa walitoka pande zote za dunia. Kila mmoja alikuwa mtu kwao. Hapa alikuwa namba iliyobandikwa kifuani.

Alhamisi hiyo alipangiwa chumba cha saba, na siku hiyo alikuwa mzima. Aliyeumwa alikuwa mama yake wa karatasi. Maelezo yalisema hivi: wewe ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa; umekuja kumwona mama yako aliyepasuliwa utumbo; mama amefia kwenye meza ya upasuaji; wewe hujui. Daktari ataingia kukuambia. Akitamka neno "amefariki," nyamaza, hesabu mpaka tano, kisha ulie. Juu ya meza palikuwa na boksi la tishu, nalo lilikuwa na maksi yake: mtahiniwa akikusogezea bila kuombwa, anapata moja.

Kulia hakukumpa shida. Alikuwa na maghala ya vitu vya kumliza: viatu vinavyobana, kitunguu cha kuwaza, paka wa utotoni. Machozi yalikuja kwa miadi, yakaondoka kwa miadi, na baada ya kila mtahiniwa alijipangusa akanywa maji. Kitu kimoja tu hakuwahi kukigusa. Mama yake halisi hakumtumia. Huyo alimwekea mlango, akaufunga, na ufunguo akajifanya hajui ulipo.

Mama yake alifariki miezi kumi na minne nyuma, na yeye aliambiwa baada ya siku kumi na saba. Siku zote kumi na saba alipiga simu nyumbani, na mdogo wake wa kiume akapokea kwa uchangamfu ambao hakuwa nao tangu azaliwe. Mama amelala. Mama ameenda kwa jirani. Mama anaoga. Mtu gani anaoga kutwa kucha? Lakini wakati huo alikuwa na mtihani kwa mara ya kwanza, kichwa kimejaa vitabu, akaamini alichopenda kuamini. Walimficha ili afaulu, naye akafeli. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilipomfikia kilikuwa kimeshapoa: matanga yameanuliwa, mikeka imekunjwa, majirani wamerudi kwenye shughuli zao. Angelia na nani? Asiyekuwepo na lake halipo. Kumbe hata mama yako anaweza akazikwa kana kwamba si wako.

Kwa hiyo hakulia. Alikasirika. Aliuliza nani alitoa shauri la kumficha.

"Tulishauriwa, dada," mdogo wake alisema.

"Na nani?"

"Na wakubwa."

Ukitaka jambo lisiwe na mwenyewe, sema wakubwa. Akaapa siku hiyo, amesimama jikoni na simu sikioni, kwamba aliyetoa shauri lile, siku atakayomjua, hatamsamehe. Na kiapo hicho alikitunza vizuri kuliko alivyotunza afya yake.

Asubuhi ile watahiniwa watatu wa kwanza walipita salama. Mmoja alisema pole mara kumi na nne, alimhesabia. Mwingine alisogeza tishu kabla hata hajamwambia habari yenyewe, akawa kama mtu anayekupa mwavuli ndani ya nyumba. Msahihishaji, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, mwenyeji wa pale, alikaa kwenye kona na ubao wake wa kuandikia. Walimwita Mama Miwani. Alikuwa na moyo mzuri, na kalamu isiyo na huruma.

Kengele ikalia, zamu ya mtahiniwa wa nne. Mlango ukafunguka, akaingia mzee mwembamba mwenye suti iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Na Mgonjwa akasimama.

Hakuamua kusimama, miguu ndiyo iliyoamua. Akajikuta wima, visigino pamoja, mikono nyuma, kidevu juu. Hakuna ndugu wa mgonjwa anayesimama hivyo. Wanaosimama hivyo ni madaktari wachanga wa hospitali moja tu duniani, wakati mtu mmoja tu anapoingia wodini. Huyo mtu walimwita Profesa mbele yake, na nyuma ya mgongo wake walimwita Msumari, kwa kuwa alikuwa mwembamba, alisimama wima, na ukimgonga unaumia wewe. Ndiye aliyemfundisha kushika kisu. Ndiye aliyewahi kumtoa nje ya chumba cha upasuaji kwa sababu ya ukucha mmoja. Miaka tisa alimwogopa, na ndani ya woga ule akampenda kama baba, ingawa ungemwambia hivyo angekukatalia.

Sasa alikuwa mbele yake na namba kifuani, na chini ya namba mstari mwekundu. Mstari mwekundu maana yake mara ya tatu, na ya nne haipo. Kama si kule kusimama, mzee asingemtambua, maana Mgonjwa alikuwa na koti la kijivu la watu na kitambaa kichwani. Macho ya mzee yalishuka kwenye visigino vilivyobanana, yakapanda kwenye mabega, yakafika usoni. Yakakaa hapo.

"Kaa, mama," alisema kwa lugha ya pale, ambayo mdomoni mwake ilikuwa mpya na ngumu kama kiatu cha dukani.

Mama Miwani akaandika kitu.

Sheria ya jengo haikuwa na mjomba wala shangazi. Ukimfahamu mtahiniwa, unainua kadi ya buluu iliyo chini ya meza, na mtihani wake wa siku hiyo unafutwa, arudie msimu ujao. Mwenye mstari mwekundu hana msimu ujao. Usipoinua, na ikajulikana baadaye, jina lako linakatwa kwenye orodha ya watahiniwa. Naye jina lake lilikuwa kwenye orodha, mwisho wa mwezi ule ule. Vidole vyake viliigusa kadi. Vikaipapasa ukingo. Hewa ya chumbani ilikuwa imekuwa nzito na tulivu, kama maji ya bwawa, na sauti ya saa ya ukutani ilimjia kutoka mbali sana. Alifikiri, nikiiinua nimemzika huyu mzee. Alifikiri, nisipoiinua najizika mwenyewe. Kisha mkono ukarudi mapajani, mtupu, na hakuweza kusema ni yeye aliyeurudisha.

Mzee alikuwa amevuta kiti. Wenzake wote walikaa mkabala naye, meza katikati, kama walivyofundishwa. Yeye alikileta upande wa meza aliokuwapo Mgonjwa, akakaa pembeni yake, wote wawili wakitazama ukuta mmoja.

"Umekuja na nani?" aliuliza.

"Peke yangu," alijibu, kama karatasi ilivyosema.

"Hakuna dada, hakuna kaka? Hakuna mtu wa kukaa nawe?"

"Nipo peke yangu, daktari."

Mzee akageuka kuutazama mlango, kama anayengoja mtu aingie, mpaka Mama Miwani akatazama saa. Kwao Profesa hakuwahi kumpa mtu habari ya msiba akiwa mpweke. Aliwaambia wanafunzi wake, tafuteni kwanza wa kumshika, ndipo mseme. Hapa hapakuwa na wa kumshika mtu. Walikuwapo yeye mwenyewe, boksi la tishu na kalamu.

"Basi nitakaa mimi," alisema mwishowe. "Mama yako amefariki."

Moja, mbili, alianza kuhesabu. Tatu. Alitafuta kitunguu, akatafuta paka, hakuviona vilipo.

"Nilimpasua mimi mwenyewe," mzee aliendelea. Mama Miwani akainua uso, akachungulia karatasi yake, kwa kuwa mtahiniwa wa chumba cha saba si mpasuaji. Yeye ni mleta habari tu. "Utumbo ulikuwa umejisokota. Walimleta wamechelewa, lakini si kosa lao. Yeye mwenyewe alikuwa akiwaambia ni gesi. Hakufia mezani."

Karatasi ilisema amefia mezani. Mgonjwa aligeuza shingo polepole, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa chini ya maji.

"Hakufia mezani," mzee alirudia, akitazama ukuta. "Aliamka. Aliishi siku mbili, nikimwona asubuhi na jioni. Alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani, akakataa kivuliwe. Wauguzi wangu wananiogopa, unajua hilo. Yeye hakuniogopa. Aliniambia nimekonda."

Kitambaa cha kijani. Mgonjwa alikifahamu mpaka tundu lake la pembeni, lililochomwa na cheche ya jiko. Mlango aliokuwa ameufunga ulifunguka wenyewe bila ufunguo, na mama yake akawa amelala pale wodini, wodi ya tatu, kitanda cha karibu na beseni la kunawia, yupo hai, anamsema vibaya mpasuaji mkuu.

"Alisema nini?" aliuliza. Swali hilo halikuwemo kwenye karatasi yoyote.

"Aliniuliza kama umekula."

"Mimi?"

"Wewe. Alisema, mtoto yule akishika kitabu husahau kula. Akanitaka nikupigie simu nikuulize. Nikamwambia umekula. Sikukupigia. Nilimdanganya, na akaridhika, akaniambia asante."

Hapo machozi yakaja, na hayakuwa yale ya miadi. Yalikuja na kelele, yakaja puani na kooni, yakamkunja kifuani kama kikohozi. Mzee hakugusa boksi la tishu. Alitoa leso yake mfukoni, imekunjwa pembe nne, akamwekea gotini, na maksi ya tishu ikapotea hivyo hivyo.

"Kuna jingine," alisema. "Nduguzo walitaka kukuambia siku ileile. Mdogo wako alikuwa ameshashika simu. Mimi ndiye niliyemnyang'anya. Nilisema ana mtihani, msimkatishe, aambiwe akimaliza. Walinisikiliza kwa sababu watu hunisikiliza."

Kalamu ya Mama Miwani ilisimama. Mgonjwa alijifuta uso kwa leso ya mtu yule, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza katika maisha yake, maana miaka tisa alikuwa akimtazama kifuani. Huyu hapa, basi. Wakubwa walikuwa mtu mmoja. Hasira aliyoitunza miezi kumi na minne ilipanda mpaka kwenye meno.

"Kwa nini?" alisema. "Nani alikupa ruhusa? Alikuwa mama yangu mimi!"

"Nilidhani mtihani ni kitu kikubwa."

"Na sasa?"

Mzee aliitazama namba iliyokuwa kifuani pake. "Sasa nimeshafeli mara mbili," alisema. "Si kikubwa hivyo. Nimekuja huku kwa binti yangu, nyumbani kwake sina la kufanya, napangusa meza ambayo imeshapanguswa. Kila siku nilisema nitakutafuta nikuambie. Sikukutafuta. Niliogopa." Kisha, kwa lugha ya kwao, lugha iliyokatazwa ndani ya jengo lile, alisema neno moja kwa sauti ndogo: "Mwanangu."

Hakuomba msamaha zaidi ya hapo, na Mgonjwa hakumpa. Walikaa bega kwa bega wakitazama ukuta mweupe, mmoja analia, mwingine mikono imelala magotini, mikono mirefu safi isiyokuwa na kazi. Ukutani hapakuwa na kitu cha kutazama, lakini yeye aliona wodi ya tatu yote, mapazia yake, mwanga wake wa jioni, na zile siku kumi na saba alizofichwa zikamrudia zote, moja moja. Kijiko kikagonga glasi. Mzee akasimama, akanyoosha koti, akainama kidogo.

"Asante, daktari," alisema Mgonjwa, kwa sababu ndivyo mhusika anavyotakiwa kusema.

Mlango ukafungwa. Kati ya mtahiniwa na mtahiniwa palikuwa na dakika mbili, na ndani ya dakika hizo mgonjwa wa kuigiza naye hujaza fomu. Ina swali moja tu, na watahiniwa huliogopa kuliko yote, maana linabeba robo ya maksi za chumba: Je, ungependa daktari huyu akuhudumie tena? Ndiyo. Hapana.

Aliishika kalamu. Kusema kweli, hakutaka kumwona tena maishani. Na kusema kweli zaidi, siku akiugua, tumbo lake mwenyewe, lile la nyama na si la sponji, hakumtaka mwingine alifungue. Kiapo chake kilikuwa bado kipo. Alikipapasa moyoni kama mtu anavyopapasa jino bovu, akakikuta, kinauma. Lakini fomu haikuuliza kama amemsamehe. Iliuliza habari ya daktari. Akatia alama kwenye Ndiyo, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

"Ameongeza mengi yasiyokuwemo," Mama Miwani alisema kutoka kwenye kona yake.

"Ndiyo."

"Sikujua niandike wapi." Alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba, akajisugua macho. Hakuuliza kitu kingine. Kisha akaandika, mstari mrefu, akageuza ukurasa. "Uko sawa? Tuendelee?"

"Tuendelee."

Kengele. Akaingia msichana mwenye nywele fupi, namba mpya, hana mstari wowote, mikono inanukia dawa ya kunawia. Alikaa mkabala, meza katikati. Alijitambulisha vizuri. Aliuliza jina vizuri, akaliandika. Aliinamisha kichwa upande kama walivyomfundisha, akapunguza sauti, na kila kitu alichofanya kilikuwa sahihi, hata ungemwonea huruma.

"Nina habari ngumu," alisema. "Samahani sana. Mama yako amefariki."

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Msichana alikuwa ameshaweka mkono juu ya boksi la tishu, akingoja. Chumba kilikuwa kimya na chepesi. Mgonjwa alisikia viatu vikibana, akasikia kiu, akasikia kwamba ndani yake hapakuwa na kilichobaki cha kuigiza.

"Najua," akasema. "Nimeshaambiwa."

Msichana aligeuka kumtazama msahihishaji, amechanganyikiwa. Mama Miwani akasimamisha saa, akamwambia asiwe na wasiwasi, ataanza upya na mtu mwingine. Kisha akamgeukia Mgonjwa, akangoja.

Mgonjwa alikuwa ameshasimama. Alivua kile kitambaa cha kuigizia, akakikunja, akakiweka juu ya meza.

"Naomba ruhusa niende nyumbani," alisema. "Nimefiwa."